Mzigo wa Mwenzio: Mazungumzo juu ya Wapagazi wa Kilimanjaro



Wazee wetu wana methali isemayo: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kwamba mzigo ulio juu ya kichwa cha mtu mwingine hauiumizi shingo yako wewe. Hata ukiwa wa chuma, machoni pako huonekana mwepesi kama kanda lililojazwa sufi. Leo nataka tuutazame mzigo mmoja wa namna hiyo, nao ni mzigo wa mpagazi apandaye mlima Kilimanjaro.

Wageni kutoka nchi nyingi huja kwa maelfu kila mwaka kuupanda mlima huo, wenye kimo cha mita 5,895, ndizo futi 19,341. Wakifika kileleni hupiga picha, na picha hizo huzipeleka kwao. Lakini mpagazi haonekani katika picha hizo. Kazi yake kwa kawaida hukoma katika kambi ya mwisho, chini ya kilele, naye hukaa huko akiwangoja walio juu. Basi watu huiona picha, wakamsifu mpandaji, wala hawaulizi ni nani aliyelipeleka hema lake, na chakula chake, na blanketi lake.

Katika mazungumzo haya nina neno moja kubwa la kuwaonyesheni, nalo ni hili: mlima haumpendelei mwenyeji. Mara nyingi husikika watu wakisema, “Mpagazi ni mtoto wa huku, amezoea, hana haja ya koti wala ya kupumzika.” Maneno hayo si ya kweli, nayo yamewaua watu. Wapagazi wenyewe huitana wagumu. Jina hilo ni la sifa, nao wamelistahili. Lakini pia ni mtego, kwa maana mtu akiisha kuitwa mgumu huona haya kusema kwamba anaumwa.

Kwanza tutazame mambo ya kale. Upagazi si kazi ngeni katika nchi zetu. Kabla ya reli na motokaa, bidhaa zote zilizotoka pwani kwenda bara, na zilizotoka bara kuja pwani, zilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Wanyamwezi walikuwa mashuhuri sana katika kazi hiyo, na kijana wa kwao alihesabiwa mtu mzima akiisha kuiona bahari na kurudi salama. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70 hivi. Mbele alikwenda kirangozi, na nyuma yake msafara wote, kila mtu na kata yake kichwani.

Katika Vita Kuu vya Kwanza, mwaka 1914 hata 1918, majeshi ya pande zote mbili katika Afrika ya Mashariki yalichukua wapagazi kwa malaki. Maelfu kwa maelfu hawakurudi kwao, na wengi katika hao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi, uchovu na chakula kibaya. Jina la Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam, na la Kariokor katika Nairobi, latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi. Kila siku watu hununua mboga na nguo mahali hapo, nao hawakumbuki kwamba wanalitaja jina la watu waliobeba mizigo.

Na sasa tuje Kilimanjaro penyewe. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitoka pwani pamoja na msafara wake, aliona weupe juu ya mlima. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani, kiongozi hakuwa na jina lake, ila alisema kwamba ni baridi. Nadhani hakukosea sana. Tena Rebmann alisimuliwa Uchagani habari ya Rungua, mtawala wa Machame, aliyewatuma watu wake wengi juu mlimani wakachunguze kitu kile cheupe. Yasemekana aliyerudi hai alikuwa mtu mmoja tu, na mikono yake na miguu yake ilikuwa imeharibiwa na baridi, akawa kilema maisha yake yote. Hao hawakuwa wageni, bali wenyeji wa mlima, waliozaliwa na kulelewa katika migomba ya mlima ule ule. Nao mlima haukuwahurumia.

Mtu wa kwanza ajulikanaye kwa maandiko kuwa amefika kileleni ni Hans Meyer, Mjerumani, pamoja na mwenziwe Ludwig Purtscheller, tarehe 6 Oktoba 1889. Meyer alikuwa amejaribu mwaka 1887, akafika kwenye barafu, akarudi. Je, mwaka 1889 alifaulu kwa sababu gani? Ni kweli kwamba alikuwa na vyombo bora na mwenzi hodari. Lakini sababu moja kubwa ilikuwa chakula. Safari hii alipanga kambi tatu: moja Marangu, ya pili juu ya msitu, na ya tatu juu kabisa, karibu mita 4,300. Kisha wapagazi wakawa wakipanda na kushuka kati ya kambi hizo, wakipeleka chakula juu. Tarehe 3 Oktoba wapandaji wale wawili walifika ukingoni mwa shimo la Kibo, lakini hawakuwahi kufika mahali palipo juu kuliko pote. Kama chakula kingalikuwa kimekwisha, wangalirudi mpaka Marangu. Bali kwa kuwa kilikuwapo, walipumzika, wakajaribu tena, na siku ya tatu yake wakafika.

Katika kambi ile ya juu alikaa mtu mmoja wa Pangani, jina lake Muini Amani. Yeye alikuwa mtu wa pwani, mahali pa minazi na joto, na kwa siku nyingi alikaa katika baridi ile akilinda kambi na kupika, wenzake wawili walipokuwa wakienda juu. Katika habari za mlima ule jina lake lastahili kutajwa pamoja na ya wale wawili. Tena mwaka 1989, zilipoadhimishwa sherehe za miaka 100 tangu safari ile, Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa na kuheshimiwa kama aliyekuwa kiongozi katika safari hiyo. Alifariki mwaka 1996. Lakini wale waliopanda na kushuka na viroba vya chakula, wengi wao majina yao hayakuwekwa mahali popote.

Baada ya habari hizo za kale, nitawaelezeni kazi ya mpagazi ilivyo leo. Katika njia ya Marangu kuna nyumba za kulala, ziitwazo Mandara, Horombo na Kibo. Mbili za kwanza zimepewa majina ya watawala wa kale wa Uchaga. Lakini katika njia nyingine, kama ile ya Machame, hakuna nyumba za wageni. Kila kitu huchukuliwa. Huchukuliwa mahema na magodoro, meza na viti vya kukunja, sufuria na sahani, mitungi ya gesi, chakula cha siku sita au saba, mifuko ya wageni, hata choo cha kubebeka. Kwa hiyo kwa mgeni mmoja huenda wakahitajika wapagazi watatu au zaidi.

Asubuhi mgeni hunywa chai, akaanza mwendo na mfuko mdogo mgongoni, wenye maji na koti la mvua. Mpagazi hubaki nyuma. Yeye na wenzake hung’oa mahema, huyakunja, huosha vyombo, hufunga mizigo, ndipo huanza safari. Hata hivyo yampasa afike mbele ya mgeni. Basi humpita njiani, mzigo ukiwa kichwani au kisogoni, na mgeni husimama kando ampishe, akistaajabu. Afikapo kambini, mpagazi haketi. Hutafuta mahali panapofaa, husimamisha mahema, huteka maji kijitoni, na mara nyingi kijito chenyewe ki bondeni, naye hana budi kupanda tena na ndoo. Mgeni akija hukuta hema limesimama na maji ya moto ya kunawa yakimngoja. Kesho yake mambo huwa yale yale, ila mahali ni juu zaidi na hewa ni haba zaidi.

Uzito wa mzigo wenyewe ni kiasi gani? Kanuni ya hifadhi ya mlima ni kwamba mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, ndizo ratili 44. Tena mpagazi ana vitu vyake mwenyewe, nguo na blanketi, labda kilo 5 hivi. Ninyi kina mama mnaoteka maji mwaweza kuufahamu uzito huo kuliko wanaume. Debe lililojaa maji lina uzito wa karibu kilo 18, mbali na debe lenyewe. Basi mfikirini mtu mwenye debe zima la maji kichwani, na mfuko wake mgongoni, akipanda tangu asubuhi hata alasiri, si siku moja, bali siku tano au sita mfululizo.

Mwaka 1986 wataalamu walichapisha habari ya kupima nguvu zitumiwazo na kina mama wa Kenya, Wajaluo wachukuao mzigo kichwani, na Wakikuyu wachukuao kwa ukanda wa paji la uso. Waliona ajabu. Mama aliyezoea aliweza kuchukua mzigo upatao sehemu moja katika tano ya uzito wa mwili wake, naye hakutumia nguvu zaidi ya mtu atembeaye mikono mitupu. Hiyo ndiyo elimu ya shingo iliyonyoka na hatua iliyofundishwa tangu utoto. Lakini mzigo ulipozidi kiasi hicho, nguvu zilizidi kutumika. Sasa haya, wanafunzi, fanyeni hesabu. Mpagazi mwenye uzito wa kilo 60, sehemu moja katika tano ni kilo 12. Yeye huchukua kilo 20 za mzigo na kilo 5 zake. Jumla yake yapita sehemu mbili katika tano za mwili wake. Tena wale kina mama walipimwa mahali tambarare, penye hewa tele. Mpagazi yu mlimani.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo la hewa, nalo nataka tulifahamu vema, kwa maana wengi hulisema bila kulijua. Hewa ina uzito, ingawa hatuuoni. Chukueni magodoro kumi ya usufi mkayapange, moja juu ya jingine. Lile la chini kabisa limebanwa na uzito wa yale tisa, nalo limeshindiliwa. Lile la juu halina kitu juu yake, nalo limevimba, sufi yake imetawanyika. Ndivyo hewa ilivyo. Sisi tukaao chini tunakaa katika godoro la chini: hewa yetu imeshindiliwa, na kila pumzi yaingiza oksijeni nyingi, ndiyo ile sehemu ya hewa ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Apandaye mlima huenda akitoka godoro hata godoro. Pumzi yake ni ile ile, kifua chake ni kile kile, lakini ndani ya pumzi hiyo oksijeni imepungua. Katika vijiji vya mita 1,400 hivi, kanieneo ya hewa bado ni kama sehemu 85 katika 100 za ile ya pwani. Penye mita 4,700, yaani kambi za mwisho, yapita nusu kwa kidogo tu. Kileleni ni karibu nusu.

Mwili una akili yake. Hupumua upesi zaidi, moyo hupiga mbio, na siku zikiwa nyingi damu huongeza chembe zake nyekundu ziichukuazo oksijeni. Lakini mazoea hayo huja pole pole, na mtu akishuka akakaa chini hupotea tena. Basi mpagazi aliyekaa nyumbani miezi miwili akilima, au akichuma kahawa, naye akiitwa leo kupanda, mwili wake hauwi tayari kwa sababu tu kwamba mwaka jana alipanda mara kumi.

Hapa ndipo watu wakosapo. Wamesikia habari za Masherpa wa Nepali, au za watu wa Tibeti, jinsi wanavyofanya kazi katika milima mirefu kuliko yote duniani. Ni kweli, lakini watu wa Tibeti, walio wazazi wa Masherpa, wamekaa kwa maelfu ya miaka katika nchi zilizo juu ya mita 3,500, na miili yao imerithi namna ya kuitumia hewa haba. Na hata hao si chuma. Tarehe 18 Aprili 2014 iliwapa msiba: barafu iliporomoka katika mlima Everest ikawaua Wanepali 16 waliokuwa kazini kwa ajili ya wapandaji. Wachaga hawana urithi ule wa Tibeti. Vijiji vyao viko kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi. Tena wapagazi wengi wa leo si Wachaga. Wametoka Arusha, na Pare, na nchi nyingine zilizo chini, nao wamefuata riziki. Kwa mapafu yao, Kibo ni nchi ya kigeni kama ilivyo kwa mtu wa London.

Maradhi ya mlima huweza kuanza mtu apitapo mita 2,500. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, moyo kuchafuka, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na usingizi mbaya. Mtu akiona hayo asizidi kupanda. Apumzike pale pale, anywe maji, na asipopata nafuu ashuke. Dalili mbaya ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni ya mapafu, nayo ni maji kuingia kifuani: mgonjwa hukohoa, huhema hata akiwa ameketi, midomo yake hugeuka rangi kama ya zambarau, na huenda akatoa povu lenye damu. Namna ya pili ni ya ubongo, nao huvimba: mgonjwa huyumba kama mlevi, husema maneno yasiyo na maana, na husinzia. Mkimtilia mtu shaka, chorani mstari ardhini, mwambieni aende juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa kidole cha mwingine. Akishindwa, msingoje asubuhi. Dawa ya kwanza ni kumshusha, upesi, usiku au mchana. Akiwapo mwenye oksijeni, apewe, lakini oksijeni haiwi badala ya kushuka. Wala asiachwe ashuke peke yake. Mara nyingine imetokea kwamba mgeni akiugua hupewa watu wa kumsindikiza, bali mpagazi akiugua huonyeshwa njia tu. Mtu ambaye ubongo wake umevimba haioni njia uliyomwonyesha.

Adui wa pili ni baridi. Kadiri mtu apandavyo mita 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Moshi mjini, penye mita 800 hivi, kipima joto kikiwa katika digrii 25, hesabuni wenyewe kambi ya mita 4,700 itakuwaje: ni karibu na maji kuganda, nao huo ni mchana. Usiku maji huganda ndani ya ndoo. Na mpagazi ana hatari moja ambayo mgeni hana. Yeye hupanda kwa haraka na mzigo mzito, hutoka jasho, shati lake hulowa. Afikapo kambini upepo humkuta amelowa, naye hawezi kuingia hemani, kwa sababu hema bado ndilo mzigo wake. Kama viatu vyake vimetoboka, na koti hana, au shati la pili hana, jasho lile lile lililomtoka kwa kazi huanza kumwondolea uhai.

Jueni dalili zake. Kwanza mtu hutetemeka; kisha vidole havimtii, hawezi kufunga kifungo; kisha maneno yake huwa mazito. Halafu huacha kutetemeka. Hapo wenzake wasiojua hufurahi, wakasema, “Sasa amepata joto.” La, hasha! Hapo ndipo penye hatari kuliko pote. Mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mtieni katika blanketi pamoja na mtu mwenye joto, na akiwa na fahamu za kutosha kumeza mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Asipewe pombe, pombe humpa mtu joto la uongo, nayo hulitoa nje joto la kweli.

Sasa twaweza kuuliza: ikiwa mambo haya yajulikana, na kanuni ya kilo 20 ipo, kwa nini wapagazi huzidi kuumia? Jibu ni kwamba kanuni iko langoni, na mlima uko mbele ya lango. Penye lango pana mizani, na kila mzigo hupimwa. Lakini kuna wasimamizi wasio waaminifu, ambao mizigo ikiisha kupimwa na kupita, huirudisha chini baadhi ya watu, na vitu vyao huongezwa juu ya wale wanaobaki. Kwa njia hiyo ujira wa watu wale huwa faida ya mtu mmoja. Kuna wengine huwapa wapagazi mlo mmoja tu kwa siku. Wengine hupokea bakshishi kutoka kwa wageni kwa ajili ya watu wote, kisha ikafika mikononi mwa mpagazi imekwisha kupunguzwa, naye hana njia ya kujua kiasi kilichotolewa. Na mpagazi hunyamaza, kwa maana nje ya lango wamesimama vijana wengine wengi, nao wanaingoja nafasi yake.

Hata hivyo si haki kusema kwamba hakuna jema lililotendeka. Tangu mwaka 2003 kuna shirika katika Moshi lililoundwa kwa ajili ya kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ambalo huwaazima makoti na viatu bila malipo, huwafundisha, na huchunguza jinsi wanavyotendewa safarini. Pia wapagazi wenyewe wameunda vyama vyao. Na katika nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, serikali ilitunga sheria mwaka 2001 kwa ajili ya wapagazi wa milima yao, na mpaka waliouweka ni kilo 20 vile vile. Basi twaona kwamba watu wa nchi mbili zilizo mbali sana wamefikia hesabu moja.

Kwa kuwa najua kwamba wamo vijana wanaonisikiliza watakaokwenda kutafuta kazi hiyo, tena siku hizi wamo na wanawake, nina mashauri machache kwao. Usipande ukiwa na homa au kifua, hata ukiwa na haja kubwa ya fedha. Ugonjwa mdogo wa nyumbani huwa mkubwa mlimani. Chukua shati la pili na soksi za pili, uzifunge katika mfuko usiopenya maji, wala usizivae njiani; hizo ni za kuvaa ufikapo. Kula asubuhi, na unywe maji kabla hujaona kiu. Kabla ya kuondoka uliza ujira wako ni kiasi gani kwa siku, na uusikie mbele ya wenzako. Mzigo ukiongezwa baada ya mizani, semeni pamoja. Mtu mmoja huitwa mvivu, lakini watu ishirini wakisema neno moja hawawezi kuitwa wavivu wote. Na zaidi ya yote, kichwa kikikuuma, sema. Ugumu wa kweli si kunyamaza. Mtu aliyenyamaza akaanguka huwapa wenzake mzigo ambao haukupimwa langoni.

Na wewe uliye msimamizi au kiongozi, yakupasa ukague watu wako kama ukaguavyo vyombo. Waulize kila jioni, mmoja mmoja, tena si mbele ya wageni, kama wamekula na kama vichwa vyao vi vizima. Tazama miguu yao. Kumbuka Tenzing Norgay, aliyefika kilele cha Everest pamoja na Edmund Hillary tarehe 29 Mei 1953: mtu huyo alianza kazi ya milima kama mpagazi, mwaka 1935. Aliye nyuma ya msafara leo huenda kesho akawa mbele yake, akipata kuishi.

Ninyi wanafunzi nawapa kazi moja. Ketini kitako mkahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja, mkaandike. Kisha pandeni kilima kilicho karibu mikono mitupu, mkahesabu tena. Siku nyingine pandeni kilima hicho hicho, kila mtu na mzigo mdogo unaomfaa, mkahesabu mara ya tatu. Tofauti ya hesabu hizo tatu itawafundisheni habari za mpagazi kuliko maneno yangu, ingawa hewa ya kilima chenu ni tele na jua lake ni la joto.

Wasikilizaji, wazee waliotupa methali ile ya kanda la usufi hawakutaka tuudharau mzigo wa mwenzetu. Walitaka kutuonya juu ya macho yetu, kwamba hayawezi kupima uzito. Ndiyo sababu watu waliunda mizani. Mizani haimwulizi mtu kama ni mwenyeji au mgeni, wala kama ni mgumu au dhaifu. Yasema kilo tu. Tukiitumia langoni, na tena kambini, na katika ujira pia, hatutakuwa tumemfanyia mpagazi hisani, bali tutakuwa tumempa haki yake.